KHUTUBA YA IJUMAA: SIMU MKONONI NA DAMU ISIYOKUSUDIWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Sala na amani zimfikie bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baadu. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu (S.W.), msikitini na nje ya msikiti, sokoni na barabarani.

Ndugu Waislamu, leo hatusemi juu ya damu ya bunduki. Hiyo Maniema yetu imeionja vya kutosha, na watu wa Kabambare wanaijua kuliko anayewahubiria. Tunasema juu ya damu inayomwagika bila mtu kukusudia. Kijana yuko juu ya pikipiki, mkono mmoja umeshika usukani, mkono wa pili umeshika simu, kidole gumba kinaandika mesaji. Mbele kuna mama anatoka shamba na kitunga kichwani, au mtoto anafukuza mbuzi. Kikitokea kishindo watu hukimbia, hulia, halafu mmoja husema: basi, ni kudura ya Mungu. Na maneno yanakwisha hapo.

Mbele ya Mwenyezi Mungu hayakwisha. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mola wetu anatueleza kwamba haifai kwa Muumini kumuua Muumini isipokuwa kwa kukosea. Na baada ya kutaja kukosea hakusema kwamba aliyekosea aende zake. Amembebesha mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kafara: kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Mzigo wa pili ni dia, yaani malipo ya damu yanayokabidhiwa kwa watu wa maiti, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe na kuifanya sadaka. Na aya hiyo hiyo imewataja watu ambao tuna ahadi nao ya amani. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba jirani yetu Mkristo akigongwa hesabu ni nyepesi.

Tusimame kidogo hapa, kwa sababu wengi wameisoma aya hii bila kuipima. Watumwa wa kuachwa huru leo hakuna, kwa hiyo kinachobaki ni saumu. Miezi miwili mfululizo, kijana wangu. Ukila siku moja bila udhuru wa sheria, unaanza upya. Unafunga huku unafanya kazi ile ile ya pikipiki, jua lile lile, vumbi lile lile la njia ya Samba au ya Kipaka. Na saumu hii hakuna wa kukusaidia. Baba yako anaweza kukuuzia mbuzi ukalipa deni la duka, lakini hawezi kukufungia siku hata moja ungali hai na nguvu zako.

Dia ina hesabu nyingine. Asili yake ni ngamia mia moja. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, dia ya mauaji ya kukosea haimwangukii muuaji peke yake, inawaangukia jamaa zake wa upande wa baba, nao hupewa miaka mitatu ya kuilipa. Wanazuoni wanawaita akila. Maana yake ni kwamba kijana anapoandika mesaji akiendesha, ameweka rehani mashamba ya baba zake wadogo, na wao hawana habari. Basi babu, baba mdogo na kaka mkubwa wana haki kamili ya kumwambia weka simu, wala asijibu kwamba hayo hayawahusu.

Na mama mja mzito? Wangapi kati ya wake zetu wanapelekwa kujifungua juu ya pikipiki, kwa sababu gari hakuna au pesa ya gari hakuna? Mtume (S.A.W.) alihukumu malipo ya mtoto aliyekufa tumboni, katika kesi ya wanawake wawili wa kabila la Hudhail waliopigana, na hadithi yake iko katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wetu wakaikadiria kuwa ni ngamia watano. Kwa hiyo motari aliyembeba mama huyo amebeba amana mbili, na moja haionekani.

Sasa wako watakaosema: shehe, mesaji moja ni kitu gani, ni kutazama mara moja tu. Tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa, kila sekunde moja inakula mita 11. Kusoma mesaji fupi na kuijibu kwa neno moja ni kama sekunde tano. Hizo ni mita 55 ambazo umepita bila macho. Fumba macho uende mita 55 katika njia zetu hizi, zenye mashimo, zenye korongo la mvua katikati, zenye watu wa miguu, baiskeli zilizobeba bido za mawese, na lori linalotoka upande wa Salamabila. Nani atakubali? Lakini anayetazama simu ndivyo afanyavyo, tofauti ni kwamba macho yake yako wazi na anaamini kwamba anaona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia. Shirika hilo hilo katika taarifa yake ya mwaka 2023 limehesabu watu karibu milioni moja na laki mbili wanaokufa kwa mwaka katika barabara za dunia, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani ni watu kama sisi.

Tuwe waadilifu pia. Motari hachezi na simu kila wakati. Mteja anampigia, mwenye pikipiki anauliza hesabu ya siku, mke ametuma habari kwamba mtoto ana homa. Simu ndiyo kazi yake. Tunajua hayo, na hatumwambii aitupe mtoni. Tunamwambia asimame. Kusimama pembeni, kujibu na kuondoka ni dakika moja. Mteja ambaye hawezi kungoja dakika moja, riziki yake si yako, Mwenyezi Mungu atakupa mwingine.

Na wewe kijana umeshathibitisha kwamba unaweza. Hivi sasa khatibu yuko juu ya mimbari na simu yako umeizima, kwa sababu unajua hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kwamba mwenye kugusa changarawe wakati wa khutuba amefanya upuuzi. Umeacha mesaji zako nusu saa kwa ajili ya kulinda thawabu ya Ijumaa. Je, roho ya mtu aliye nyuma yako kwenye kiti haifikii heshima hiyo?

Turudi kwenye neno kudura. Sisi ni Ahlu Sunna, tunaamini kadari, heri yake na shari yake. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipokaribia nchi ya Sham na kupewa habari kwamba tauni imeingia huko, aliamua kurudi na watu. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari yake nyingine. Kuiweka simu mfukoni nako ni kadari. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Anayeandika mesaji akiendesha amemwachia ngamia, na huku anasema ametawakali.

Ndugu Waislamu, tuingie katika habari ya sheria ya nchi, maana ndiyo iliyotufanya tuandike khutuba hii.

Sheria ya barabara ya Kongo ni ile nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ilitungwa wakati wa Zaire, siku ambazo hakuna mtu aliyetembea na simu mfukoni. Walioiandika hatuwalaumu, hawakuwa manabii. Iko pia sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 53, inayomhukumu aliyesababisha kifo bila kukusudia kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka miwili pamoja na amande. Lakini tazameni kifungu hicho kinaanza kufanya kazi wakati gani. Kinangoja maiti. Mama awe ameshazikwa ndipo hakimu afungue kitabu.

Sheria ya Kiislamu ina mlango mwingine. Mwenyezi Mungu (S.W.) alipoikataza zinaa katika Suratul-Israa, aya ya 32, amekataza kuikaribia, si kuifanya tu. Wanazuoni wakachukua humo na katika aya nyingine kanuni wanayoiita saddu dharai, kuziba njia inayofikisha kwenye uovu. Pombe haikuharamishwa kwa mlevi aliyekwisha kumchoma mtu kisu, imeharamishwa tangu tone la kwanza. Basi kinachotakiwa ni sheria ya namna hiyo kwa simu: imkamate mtu akiwa na simu mkononi pikipiki inakwenda, kabla hajamgonga yeyote. Hapo amande ni rehema. Afadhali motari alie kwa sababu ya franga alizolipa kuliko akae kilioni na watu wa maiti.

Wala hili si jambo geni tunaloliomba. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, uliongezewa maneno yaliyoanza kutumika mwaka 2006: kwamba sheria za nchi zimkataze dereva kutumia simu ya mkononi wakati chombo kinakwenda, awe na gari au pikipiki. Wafanyabiashara wetu wanaofika Dubai wanajua kwamba huko, tangu mwaka 2017, dereva akikutwa na simu mkononi hulipa dirham 800 na kuandikiwa pointi nne mbaya.

Uingereza ina fundisho zaidi. Walikataza simu ya mkononi kwa madereva mwaka 2003. Watu wakaendelea. Mwaka 2017 wakaongeza adhabu mara dufu, paundi 200 na pointi sita. Watu wakatafuta tundu. Mtu mmoja alikutwa akipiga video ya ajali huku anaendesha, akafika mahakamani, na mwaka 2019 mahakama kuu ikasema sheria ilivyoandikwa inakataza kuwasiliana kwa simu, na kupiga video si kuwasiliana. Akashinda. Ikabidi mwaka 2022 waiandike upya, izuie kila matumizi ya simu iliyo mkononi: kuandika, kupiga picha, kutafuta wimbo. Tunawaeleza haya kwa sababu sheria ikiandikwa nusu, binadamu hupita katika nusu iliyobaki. Wabunge wetu wakilishughulikia jambo hili, waitaje simu kwa jina lake na kazi zake zote, mesaji, WhatsApp na video. Nanyi mnawajua wabunge wenu, wale wa Kindu na wale wa Kinshasa. Wanakuja kutaka sauti zenu wakati wa uchaguzi. Waulizeni habari ya barabara.

Iwapo mtu anauliza kama kuitii sheria ya serikali isiyo ya Kiislamu ni wajibu wa dini, swali hilo lilikwisha jibiwa. Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilikutana Brunei mwezi wa Juni 1993, na katika azimio lake nambari 71 likasema kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Mwenyezi Mungu ni wajibu kisheria, kwa sababu ndani yake mna maslaha ya watu na kulinda roho. Likasema pia kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowafanyia wengine katika mwili na mali, ila yakimpata mambo ya nguvu asiyoweza kuyazuia, au kosa likiwa la yule aliyedhurika au la mtu mwingine. Mafukaha wa zamani walisema kitu kama hicho kwa mwenye mnyama: aliye pamoja na mnyama wake analipa alichoharibu. Pikipiki ni mnyama wa zama zetu. Na simu iliyolia si nguvu isiyozuilika, kwani umeweza kuiacha ilie.

Kuna neno gumu, na hatulifichi. Wengi mmeshasema moyoni: sheria mpya ni bariere mpya. Polisi atamkamata motari, simu iwe mkononi au mfukoni, atachukua matabishi yake, na barabara itabaki kama ilivyo. Hofu hiyo ina haki. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa pamoja. Anayempa askari matabishi ili aendelee na simu yake amenunua ruhusa ya kuua, na askari ameiuza. Kwa hiyo tunaomba sheria yenye amande inayojulikana, bei yake ibandikwe ukutani, ilipwe kwa risiti, isilipwe kiganjani. Sheria kali mikononi mwa mla rushwa ni duka. Lakini ubaya wa mla rushwa haufanyi kosa la dereva kuwa halali. Kila mmoja atasimama peke yake na hesabu yake.

Nasema haya, namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu mimi na kwenu nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTUBA YA PILI

Alhamdulillahi, sala na amani zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ama baadu.

Ndugu zangu, sheria ya Kinshasa inaweza kuchelewa, na sisi tutakuwa tunazika. Bukhari amepokea kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano wa Mtume (S.A.W.) juu ya watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu sehemu yao ili wachote maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa mikono, wote wanaokoka. Mwenye kutoboa hakuwa na nia mbaya, alikuwa na kiu tu. Motari naye anatafuta riziki. Lakini anazuiwa mkono.

Wa kwanza kumzuia ni abiria. Wewe uliye nyuma ndiye unayeona kidole kinaandika. Mpige bega kwa upole, umwambie: simama, kaka, maliza mesaji yako, nitangoja. Akikataa, shuka ulipe alipokufikisha. Wako abiria wenyewe wanaosema haraka, haraka, na wanaompa motari simu yao aongee na mtu wa kuwapokea. Huyo ni mshirika katika kosa.

Wa pili ni vyama vya wamotari. Mna viongozi, mna michango, mna adhabu kwa anayeruka foleni ya kituo. Anayeruka foleni amemnyima mwenziwe mteja mmoja. Mbona anayeendesha akiandika hana adhabu? Wekeni kanuni yenu, hata leo baada ya sala: atakayeonwa akaripotiwa na watu wawili, apumzishwe kituo siku kadhaa. Hamhitaji ruhusa ya bunge kwa hilo.

Wa tatu ni wenye pikipiki. Unampigia kijana mara kumi kwa siku kumwuliza amefikisha hesabu au la, na unajua yuko njiani. Agana naye saa ya kupigiana. Na wazazi vilevile. Ukipiga asipopokea, usikasirike, furahi kwamba mwanao ana akili.

Neno la kutahadharisha. Ajali ikitokea, kumpiga motari na kuchoma pikipiki ni haramu. Hata kama alikuwa na simu mkononi. Majeruhi apelekwe hospitali kwanza, dereva afikishwe kwa wakubwa wa serikali, na wazee wa pande mbili wakae juu ya dia na msamaha. Anayemwua dereva kwa hasira amehama kutoka mauaji ya kukosea kwenda kwenye mauaji ya kukusudia, na aya ya 93, inayofuata ile tuliyoitaja, inatisha mno.

Na yupo pengine baina yetu leo aliyewahi kumgonga mtu akafa, jambo likamalizwa kwa franga za jeneza na pole. Simtafuti, wala watu wasigeuke kutazamana. Namwambia tu kwamba miezi miwili ile bado inamngoja. Aje baada ya sala, au usiku nyumbani kwa shehe, atafundishwa namna ya kutia nia na kupanga saumu yake, na namna ya kuwaendea watu wa marehemu. Deni hili hulipwa ungali hai.

Ewe Mwenyezi Mungu, walinde wasafiri wetu katika njia za Kasongo na Kabambare, wa miguu, wa baiskeli, wa pikipiki na wa lori. Waponye majeruhi waliolazwa. Warehemu waliokufa barabarani, wape subira wazazi, wajane na mayatima wao. Wape viongozi wetu uadilifu, na askari wetu mikono safi. Waongoze vijana wetu katika riziki ya halali. Tupe amani katika Maniema na katika Kongo yote. Amin.

Simameni kwa sala, mnyooshe safu. Wamotari wote wanaombwa wabaki nyuma kidogo baada ya salamu.